Mama wa sokoni, simu moja na darasa la WhatsApp: uchambuzi wa kisa kutoka Lubumbashi

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kilitokea Lubumbashi, mji wa eneo la Katanga kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Wakati huo nilikuwa nawapa mafunzo walimu wa msingi, na mwalimu mmoja wa darasa la sita katika shule ya binafsi alinishirikisha kazi yake tangu siku kikundi cha WhatsApp cha darasa lake kilipoundwa. Nilisoma ujumbe, nilipitia daftari za wanafunzi shule zilipofunguliwa, na nilizungumza na familia ambazo ziliridhia mambo yao yasimuliwe. Majina, mtaa na shule vimeondolewa. Mwanafunzi nitamwita T. Dada yake nitamwita Yaya, kama watoto wa Lubumbashi wanavyomwita kaka au dada mkubwa.

Ninakiandika kwa ajili ya walimu na wakurugenzi wa shule. Kila masomo ya mbali yakienda vibaya tunasikia maelezo yaleyale: wazazi waliosoma wanafuatilia, wazazi wa sokoni hawajali. Darasa hili lilikuwa na aina zote mbili za wazazi, na yaliyotokea hayakufuata maelezo hayo.

Hali ilivyokuwa

Tarehe 18 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule nchini kote, na kesho yake watoto wakabaki nyumbani. Wizara ilipeleka masomo redioni na kwenye televisheni. Shule za binafsi zilikuwa na haraka yao. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za umma yalikuwa bure, na familia nyingi zilikuwa zimeshahamisha watoto wao huko. Shule ya binafsi inaishi kwa minervali, yaani karo. Watoto wakikaa nyumbani mzazi halipi, na mzazi asipolipa mwalimu hapati mshahara.

Kwa hiyo kikundi cha WhatsApp kilikuwa na kazi mbili: kufundisha, na kuwaonyesha wazazi kwamba shule ingali hai. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyoamua mambo mengi kuliko mkurugenzi alivyodhani. Shule inayotaka kuonekana inafanya kazi hutuma vitu vingi, hutuma mchana wazazi wakiwa macho, na hupenda kuweka hadharani nani amejibu.

Darasa lilikuwa na wanafunzi wapatao 40. Namba za simu zilizokuwa kwenye fomu za uandikishaji nyingi zilikuwa za akina baba. Hakuna aliyewahi kuuliza kama simu hizo zinalala nyumbani.

Familia ya T.

T. alikuwa na miaka 12. Kabla ya shule kufungwa, buletini yake ya matokeo ilikuwa ya katikati ikielekea juu: hesabu nzuri, Kifaransa cha kusukuma. Mwisho wa mwaka ulikuwa unamsubiri TENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza msingi.

Baba yake alikuwa fundi katika mgodi upande wa Kolwezi, kama kilomita 300 kutoka Lubumbashi. Zamani alikuwa anarudi nyumbani kila mapumziko. Korona ilipoingia, makampuni kadhaa ya madini ya huko yaliwazuia wafanyakazi wao ndani ya maeneo ya kazi kwa wiki nyingi, na yeye akawa mmoja wao. Mshahara ulikuwa unakuja kwa simu. Simu nzuri ya familia, ile yenye namba iliyokuwa kwenye fomu ya shule, ilikuwa mfukoni mwake mgodini.

Mama alikuwa anauza unga wa mahindi sokoni. Anatoka kabla jua halijachomoza, anarudi giza likiwa limeingia. Aliishia darasa la nne. Anasoma Kiswahili polepole, anahesabu kwa kasi ya kutisha, na Kifaransa anakisikia tu kama kelele za ofisini. Simu yake ilikuwa ndogo, ya vitufe.

Yaya alikuwa na miaka 17, mwaka mmoja kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Yeye ndiye aliyekuwa na simu ya kuingia WhatsApp, ya mkono wa pili, kioo kimepasuka, chaji haishiki. Umeme ukikatika, na mtaani kwao ulikuwa unakatika mara kwa mara, anaipeleka kwa mwenye kabini ya vocha aichaji kwa malipo. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na kikundi cha darasa lake mwenyewe, na kuanzia Aprili pia kikundi cha darasa la T.

Tukumbuke basi kwamba familia hii haikuwa maskini wa mwisho. Pesa ya mega, yaani bando la intaneti, ilipatikana. Kilichokosekana kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kilikuwa mtu mzima nyumbani na simu isiyogombaniwa.

Yaliyotokea

Wiki za kwanza kikundi kilijaa. Mwalimu alituma picha za mazoezi aliyoyaandika kwa mkono, faili nzito ambazo simu za wengi hazikuweza kuzifungua, na ujumbe wa sauti wa dakika saba au nane ambamo alifundisha kama aliyesimama mbele ya ubao. Katikati yake wazazi walitumiana sala, habari za korona zisizo na kichwa wala miguu, na alama za kidole gumba. Anayefungua simu saa mbili usiku alikuta ujumbe mia na kitu. Somo lenyewe lilikuwa limezikwa mahali fulani kati ya video ya mchungaji na tangazo la barakoa.

Utaratibu ulikuwa huu: zoezi linatumwa saa tatu asubuhi, mtoto anafanya, mzazi anasahihisha pamoja naye, kisha anatuma picha ya daftari kabla ya saa kumi na mbili jioni. Saa moja usiku mkurugenzi anabandika kwenye kikundi orodha ya ambao hawajatuma.

T. alikuwa kwenye orodha karibu kila siku. Mara nyingi zoezi alikuwa amelifanya, na daftari lake, nililoliona baadaye, lina tarehe za Aprili zilizojaa. Lakini Yaya alikuwa kwenye masomo yake, au simu ilikuwa kabinini inachajiwa, au mega zilikwisha katikati ya kupakia picha. Tena maagizo yalisema mzazi asahihishe kwanza, na mzazi alikuwa sokoni.

Orodha ilimfikia mama kwa njia ambayo shule haikuitarajia. Mteja wake mmoja alikuwa na mtoto darasa hilohilo. Siku moja akiwa anapimiwa unga akasema, kwa nia njema, "Mama, jina la mtoto wako linatoka kila jioni, kuna shida gani?" Wanawake wawili wa meza za jirani wakageuka. Mama aliporudi nyumbani alimkaripia T., T. akalia kwamba kazi ameifanya, Yaya akaona lawama inamwelekea yeye. Usiku huo Yaya akajitoa kwenye kikundi.

Baba naye alikuwa na mchango wake. Kila Jumapili anapiga simu kutoka mgodini na swali lake la kwanza ni pointi: "Umepata ngapi? Nitumieni picha." Pointi hazikuwepo, kwa kuwa kazi isiyotumwa haisahihishwi. T. akaanza kuikwepa simu ya baba. Anakuwa chooni, anakuwa kwa jirani, amelala mapema.

Kwenye daftari la shule familia hii iliandikwa "wazazi hawashirikiani".

Uamuzi wa Mei na sababu zake

Mwezi Mei mwalimu alihesabu na kukuta kwamba kama nusu ya darasa haionekani tena. Mkurugenzi alitaka orodha iendelee, maana wazazi wanaolipa waliipenda: iliwathibitishia kwamba shule ina nidhamu. Mwalimu akaomba apewe wiki mbili na vocha ya kupiga simu za kawaida kwa waliopotea, moja moja. Alikubaliwa vocha, kwa sharti kwamba orodha isimame kwa wiki hizo mbili tu.

Namba ya mama hakuwa nayo. Aliipata kwa baba, na baba alishtuka kusikia shule inamtafuta mke wake wakati yeye ndiye mwenye namba kwenye fomu. Mwalimu alimpigia mama saa mbili usiku. Mazungumzo hayo alinisimulia yangali moto:

"Mwalimu, mimi Kifaransa sikijui. Nikigusa daftari yake nitamharibia."

"Mama, sikuombi Kifaransa. Jioni ukirudi, T. anakuwa macho?"

"Anakuwa macho, ananingoja tule."

"Basi kabla ya kula bukari, mwambie akueleze kwa Kiswahili nilichofundisha leo. Asipoweza kukueleza, mimi nitajua hajaelewa. Hiyo ndiyo kazi ninayokuomba."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na nitajuaje kama ananidanganya?" Mwalimu akajibu kwamba mtu aliyeuza unga miaka yote hiyo anamjua anayedanganya. Wakacheka wote wawili.

Kutokana na simu kama hizo mwalimu alibadilisha mambo kadhaa. Somo likawa ujumbe mmoja wa sauti usiozidi dakika mbili, ukifuatwa na namba ya ukurasa wa kitabu ambacho kila mtoto alikuwa nacho, basi. Ujumbe uliingia saa moja na nusu usiku, na jibu liliweza kuja wakati wowote kabla ya kesho yake usiku. Alifungua kikundi cha pili ambacho yeye peke yake ndiye aliyeweza kuandika, na kile cha zamani akakiachia wazazi na sala zao. Matokeo ya kila mtoto yalikwenda kwa familia yake, pembeni. Pale penye simu ya vitufe tu, alipiga mara moja kwa wiki.

Sababu yake kuu ilikuwa rahisi: saa ambayo mtoto, mtu mzima na simu wako chumba kimoja ni saa moja na nusu hadi saa tatu usiku, na ratiba iliyojengwa juu ya saa tatu asubuhi ilikuwa inazungumza na nyumba tupu. Kuhusu masomo ya redio, mwalimu hakuyaunganisha na ya kwake, na mimi naona hapo aliacha kitu cha bei nafuu kipite, kwani redio ilikuwepo hata kwa jirani wa T.

Meka mbili

Jambo moja la Juni linastahili kusimuliwa taratibu, maana ndani yake unaona ushiriki wa mzazi ukifanya kazi bila Kifaransa.

Somo lilikuwa asilimia. Zoezi: mfanyabiashara amenunua mfuko wa unga wa kilo 25 kwa faranga 28,000, ameuza meka 10, kila meka faranga 3,500, faida yake ni asilimia ngapi? Meka ni kile kipimo cha sokoni ambacho kila mtoto wa Lubumbashi ametumwa nacho. Mwalimu alilitunga zoezi hilo akiwafikiria watoto wa namna ya T.

T. alimweleza mama hesabu huku mama akitenga sufuria. Mauzo 35,000, ukitoa 28,000 inabaki 7,000. Mama akasema hiyo haina haja ya kuandika: mfuko unamwachia meka mbili, na meka mbili katika kumi ni ishirini kwa mia. T. akaandika 20. Kisha akafungua kanuni aliyopewa, akagawa 7,000 kwa 28,000, akapata 25. Wakabishana. Yaya akaingia, akasema kitabu kina haki. Mama akagoma: yeye ndiye anayeuza, na kinachobaki mkononi mwake ni meka mbili za kumi, siyo robo ya kitu chochote.

T. alituma majibu yote mawili, na ujumbe wa sauti akimweleza mwalimu kwamba mama amekataa. Mwalimu aliusikia mara mbili. Kesho yake somo lote likawa hilo: ukipima faida kwa bei ya kununulia unapata 25, ukiipima kwa mauzo unapata 20, na kabla ya kuhesabu asilimia lazima ujue asilimia ya nini. Aliomba ruhusa, akaiweka sauti ya T. kwenye kikundi. Jioni hiyo mteja yuleyule wa awali alimpigia mama kumwambia kwamba mtoto wake amefundisha darasa zima.

Nimewahi kuona wanafunzi wa sekondari wakichanganya mambo hayo mawili. T. hakuyachanganya tena.

Baba pia alibadilika, ingawa kwa shinikizo. Mama alimwambia wazi kwamba mtoto anamkimbia, na kwamba Jumapili aulize habari ya somo kabla ya pointi. Mwanzoni ilikuwa nzito, kwa sababu baba wa Kikatanga aliyelipa minervali anahisi pointi ni risiti yake. Baadaye akaanza kumuuliza T. hesabu za mafuta ya mashine anazozihudumia, na simu ya Jumapili ikawa ndefu hadi kumaliza vocha.

Nyumba ya pili

Kwenye darasa hilohilo kulikuwa na mwanafunzi ambaye wazazi wake wote wawili wana digrii, kompyuta iko mezani na intaneti haikatiki. Kazi zake zilikuwa zinaingia kabla ya saa tano asubuhi, safi, bila kosa. Hakuwahi kukaa kwenye orodha. Shule ilimtaja mara kwa mara kama mfano.

Mwalimu alianza kushuku alipokutana na sentensi zenye njeo ambazo hajawahi kuzifundisha, na uandishi unaofanana na barua ya kuomba kazi. Hakuwa na njia ya kuthibitisha. Shule zilipofunguliwa aliweka daftari la picha za WhatsApp kando ya jaribio la darasani, na watu wawili tofauti walionekana.

Mama wa mtoto huyo alipoulizwa hakuficha. Alisema wiki ya kwanza alikuwa anamsaidia, wiki ya tatu alikuwa anamwandikia, kwa sababu wote wawili wazazi walikuwa wanafanya kazi kutoka nyumbani, saa kumi na mbili ilikuwa inawakimbiza, na hawakutaka jina lao lionekane mbele ya wazazi wenzao. Naelewa kabisa.

Matokeo

Madarasa ya kumalizia yalirudi tarehe 10 Agosti 2020. Mengine yote yalingoja mwaka mpya wa shule tarehe 12 Oktoba. Mwalimu alianza na majaribio mafupi ya hesabu na Kifaransa. T. alikuwa miongoni mwa wa juu katika hesabu. Katika imla ya Kifaransa alikuwa ameshuka vibaya kuliko alivyokuwa Machi, na kusoma kwa sauti kulikuwa kumemwia kugumu. Miezi ya kueleza kila kitu kwa Kiswahili ilimjengea uelewa, lakini Kifaransa hakijengwi kwa kukaa bila kukisikia. Ilibidi mwalimu amweke kwenye kikundi cha kusoma cha asubuhi. TENAFEP alifaulu. Mtoto wa nyumba ya pili naye alifaulu, baada ya wiki ngumu za kurudishwa nyuma katika sehemu na desimali.

Kati ya waliopotea Aprili, wengi waliopigiwa simu walirudi kwa kiasi fulani. Wachache hawakurudi kabisa. Familia moja ilikuwa imehamia kijijini, nyingine iliuza simu, na msichana mmoja alikuwa ameshaingizwa kwenye biashara ya nyumbani, na Agosti kiti chake kilibaki wazi.

Yaya ndiye ambaye hayumo kwenye matokeo yoyote ya shule hii, kwa kuwa hakuwa mwanafunzi wake. Saa moja na nusu usiku, saa nzuri ya T., ilikuwa pia saa ambayo kikundi cha darasa lake kilikuwa kinajadili kazi. Simu ilikuwa moja. Alikuwa anamkabidhi mdogo wake, anamsubiri, anamfafanulia Kifaransa, kisha chaji inakwisha. Oktoba alianza mwaka wa mwisho, ule wa Mtihani wa Serikali, akiwa na mapengo katika kemia na hesabu ambayo aliyaziba kwa kukopa daftari za wenzake.

Uchambuzi

Tuanze na orodha, kwa sababu ni kitu kimoja kilicholeta madhara mawili yanayoonekana hayahusiani. Nyumba isiyo na nafasi ya kutuma iliondoka kwa aibu. Nyumba yenye nafasi ikaanza kutuma kazi ya wazazi. Zote mbili zilikuwa zinamjibu mtu yuleyule: macho ya wazazi wenzao. Shule iliona upande mmoja uzembe na upande mwingine bidii, kumbe ilikuwa inapima woga. Mtoto mwenyewe hakuonekana kwenye kipimo hicho, si wa nyumba hii wala wa ile.

Pili, shule iliwaomba wazazi kazi ambayo wengi hawakuiweza, yaani kusahihisha Kifaransa mchana, kisha ikawahukumu kwa kutoifanya. Kathleen Hoover-Dempsey na Howard Sandler, watafiti wa Marekani walioandika sana juu ya jambo hili katika miaka ya 1990, walieleza kwamba mzazi huingia katika masomo ya mtoto kutegemea mambo matatu makubwa: kama anaamini ni wajibu wake, kama anaamini anaweza kusaidia, na kama anahisi ameitwa na mtoto au na shule. Mama wa T. la kwanza alikuwa nalo tangu zamani. Ndilo lililomfanya amkaripie mtoto usiku ule. La pili alikuwa amelipoteza darasa la nne. La tatu shule haikumpa, maana hata namba yake haikuwa nayo. Simu moja ya saa mbili usiku ilimrudishia mawili.

Sidhani kwamba elimu ya mzazi haina uzito. Ina uzito mkubwa, na ushahidi uko katika Kifaransa cha T. Nyumba ya pili, kwa upotovu wake wote, ilikuwa na vitabu na watu wanaozungumza Kifaransa mezani, na mtoto wake hakushuka katika kusoma kwa sauti. Mama wa sokoni hawezi kuziba pengo hilo kwa bidii, na ni dhuluma kumwambia anaweza. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, katika miaka ya mwanzo ya msingi, lakini darasa la sita na mtihani wake ni Kifaransa. Hilo pengo ni la shule kuliziba. Mwalimu alipaswa kuwasomea watoto kwa sauti kila jioni, dakika mbili za matini ya Kifaransa bila zoezi lolote, na mega zingetosha. Nilipomwambia hivyo Septemba alisema aliliwaza, akaona wazazi wa minervali watadhani anavivia kazi. Tumerudi palepale pa kuonekana.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuhamisha kipimo kutoka kwenye picha ya daftari kwenda kwenye maelezo ya mtoto. Picha inaweza kupigwa na yeyote. Sauti ya mtoto akieleza kwa nini mama amekataa jibu la kitabu haiandikiki na baba mwenye digrii. Tena mtoto anayeeleza kwa lugha ya nyumbani anamweka mzazi asiyesoma kwenye nafasi ya msikilizaji, nafasi ambayo haimfedheheshi. Mwalimu yeyote anaweza kufanya hivyo hata leo, shule zikiwa wazi, kwa kazi za nyumbani za kawaida.

Mkurugenzi alirudisha orodha baada ya wiki mbili, kama alivyosema. Wazazi kumi na kitu walimwandikia pembeni kwamba hawaitaki, wakiwemo wa nyumba ya pili, na akaiondoa. Nadhani wao ndio waliomshawishi kuliko hoja zote za mwalimu, na hilo nalo ni ushiriki wa wazazi, ingawa hakuna fomu inayoupa nafasi.

Nisichokubali ni kusimulia kisa hiki kama ushindi wa familia nzima. Mafanikio ya T. yalilipiwa na msichana wa miaka 17, na kila mtu aliona ni kawaida, mwalimu, mama, baba, hata Yaya mwenyewe. Tukisema "nyumbani kuna mtu wa kumsaidia", mara nyingi mtu huyo ni dada ambaye naye ni mwanafunzi. Ingewezekana kumpangia T. usiku tatu za juma na kumwachia Yaya zilizobaki. Hakuna aliyeuliza.

Shule hiyo sasa fomu yake ya uandikishaji ina maswali mapya: ni nani yuko nyumbani jioni, simu ya WhatsApp ni ya nani na inalala wapi, mzazi anapenda kupigiwa kwa lugha gani. Goma shule zilipofungwa Januari 2025 mapigano yalipofika mjini, mkurugenzi wa huko aliyekuwa ananiuliza aanzie wapi nilimtumia fomu hiyo, nikaongeza kwa mkono swali ambalo ya Lubumbashi bado haina: katika nyumba hii ni wanafunzi wangapi wanaotegemea simu hiyo, na mkubwa wao anasoma saa ngapi.